Baraka na Matairi ya Binti Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa gereji alinipeleka moja kwa moja uani, kwenye theluji. Gereji ilikuwa Malton, huku ughaibuni, karibu na uwanja wa ndege, na wateja wetu wengi walikuwa madereva wa teksi na wa magari ya mizigo. Mimi nilikuwa nimetoka Tanga nikijiona fundi kamili. Mzee yule, Mreno mwenye sauti ya kukwaruza, akaokota vipande viwili vya tairi vilivyokuwa vimelala nje akaniambia, "Binya." Cha kwanza kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu cha zamani. Cha pili kilibonyea.

"Hicho kigumu ni cha tairi la misimu yote," akasema. "Hicho laini ni cha tairi la baridi. Ukishajua kwa nini, nitakuita fundi."

Nilijua upesi. Joto likishuka chini ya nyuzi saba hivi, mpira wa tairi la misimu yote huanza kukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki vizuri hata barabara kavu. Tairi la baridi limetengenezwa libaki laini, na kashata zake, yale meno yanayokanyaga barabara, zimejaa michirizi myembamba inayoiuma theluji. Kwa gari la kawaida linalotembea polepole mjini, tairi zuri la misimu yote laweza kukuvusha. Gari la mbio ni habari nyingine. Injini ina nguvu, mara nyingi nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma, na tairi lake pana huelea juu ya theluji badala ya kuikata. Hapo tulikuwa tukishauri rimu ndogo zaidi na tairi jembamba, baada ya kuhakikisha kwamba rimu haigusi breki, maana breki za magari hayo ni kubwa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia gereji nyingine, upande wa mashariki wa jiji, si mbali na mtaa wa Crescent Town tunakoishi. Huko ndiko yalikokuja magari ya mbio, na huko ndiko alikokuja Baraka, Mkenya wa Nakuru mwenye kicheko kikubwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kubalansi magurudumu. Haukupita muda mrefu, wateja wakawa wananipita pale mlangoni kana kwamba mimi ni jeki, wakiuliza, "Baraka yupo?"

Meneja akaniita ofisini. "Kuanzia sasa magari ya mbio atayashika Baraka," akasema. "Wateja wanamtaka yeye."

"Nimemfundisha mimi," nikasema.

"Basi umefundisha vizuri."

Nilimwonea wivu, na sitaki kulipamba neno hilo. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki miaka yote ile na suruali zangu bado hazifungi. Nilichukia hata anavyopiga mluzi akikaza nati. Yeye huku anacheka na wenye magari ya thamani, mimi kule nimelala chini ya vani ya mkate. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwahi kunikosea adabu hata mara moja. "Shikamoo, mzee," kila asubuhi. Utamchukiaje mtu wa namna hiyo kwa raha?

Magoti yalipochoka nikastaafu, nikadhani wivu nimeuacha gereji pamoja na ovaroli. Kisha Rehema, binti yetu wa pekee, ambaye ni nesi, akanunua gari la mbio lililotumika, la kijivu, likiwa na matairi ya misimu yote. Nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye gari la mbio ambalo hakuna meneja wa kuninyang'anya! Majani yalipoanza kudondoka nikamwambia kabla hajavua viatu, "Matairi ya baridi, yote manne, rimu ndogo. Usibishane na mimi."

"Dad, haya ni all-season. Si ndiyo maana yanaitwa hivyo?"

"Jina ni la kuuzia."

"Okay, Dad," akasema, kwa namna ya kunyamazisha mzee.

Jumapili moja baadaye akaja kunywa chai, nikashuka kwenye maegesho kumsaidia kubeba unga aliotuletea. Nikayaona. Matairi ya baridi, membamba, rimu ndogo nyeusi, nafasi ya kutosha kwenye breki. Nikainama nikazunguka gari zima nikitafuta kosa. Halikuwapo.

"Nani kakufungia?"

"Uncle Baraka."

Tulipanda tukanywa chai. Alipovaa koti aondoke ndipo likanitoka. "Amekwambia nini ambacho mimi sikukuambia?"

"Kitu kilekile."

"Sasa kwa nini yeye?"

Rehema alifunga vifungo vya koti kwanza. "Kwa sababu aliniuliza naendesha kwenda wapi. Nikamwambia. Anajua kila Ijumaa niko highway, north, kupita mji wa Barrie, na narudi Sunday alfajiri. Akasema kwa njia hiyo ni winter tires, hakuna mjadala. Wewe hukuniuliza, Dad. You just told me."

Kila Ijumaa. Mimi nilidhani Ijumaa yuko zamu hospitalini.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii ya ufundi sasa, mkitaka kujua tairi lipi la kufunga, jibu langu ni lile nililolitoa, na bado nalisimamia. Lakini wivu wa gerejini ulikuwa mchezo wa watoto. Jioni ile nilimwonea Baraka wivu kuliko siku zote za gereji, kwa sababu alijua mwanangu anakokwenda na mimi, baba yake, sikujua.

Mkono wa Rehema ulikuwa umeshika kitasa cha mlango.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" nikamuuliza.

Rehema akakiachia kitasa. Kisha akavua koti, akaketi.