Mkono wa Darmi na Ndege ya Injinia

Darmi alikuwa na hasira, na wala hakuificha. Alichemsha chai kwa hasira, akasonga sima kwa hasira, hata kuni alizivunja kwa goti huku akitaja majina ya watu. Jina la kwanza lilikuwa la Kombe, injinia wa ndege.

Ndege yenyewe si ile ya kupanda watu. Ilikuwa ndege ya rimoti, lakini kubwa: mabawa yake yalimpita mtu mzima akilala na mkono ameunyoosha, na injini yake ya petroli ililia kama msumeno wa kukatia miti. Tumboni ilibeba kamera. Mwaka ule wa tisini na nane, mvua za El Nino zilipokwisha kuutawanya mto Tana kila upande, mradi mmoja ulipiga kambi nje ya Garsen ili upige picha kutoka juu, ijulikane maji yamesimama wapi na majani ya mifugo yameota wapi. Mkuu wa mradi alikuwa Bi Rosina, Mpokomo wa Golbanti, mwanamke wa maneno machache. Dereva alikuwa Jilo. Mpishi ndiye Darmi, mjane wa Kiorma wa miaka hamsini na ushei, ambaye maneno machache hakuyajua.

Ndege ya kwanza ilipaa vizuri, ikazunguka dakika saba au nane, watoto wakashangilia. Mara ikainua pua yenyewe, ikayumba, ikarudi chini kwa mkia, puu! kwenye matope. Kombe hakungoja hata vipande viokotwe. Aligeuka akamnyooshea Darmi kidole.

"Ni huyu! Juzi nimemkuta ameishika mkia. Ameupinda!"

Ni kweli aliishika. Hema lilivuja, maji yakaanza kujaa chini ya ndege, na wanaume wote walikuwa mjini. Angeiacha ilowe? Aliinyanyua peke yake akaisogeza pakavu. Shukrani ya punda ni mateke.

Tena laiti ingekuwa ni kidole tu! Neno lilivuka barabara, likaingia sokoni kwa wauza maziwa, likafika vijijini limenenepa: mkono wa Darmi una nuksi, kila unachoshika huanguka. Na Darmi, kwa Waorma wa upande ule, ndiye aliyekuwa mpakiaji. Kwao nyumba ni ya mwanamke. Yeye huijenga kwa fito na mikeka, yeye huivunja siku ya kuhama, yeye huipakia mgongoni mwa punda. Nyumba iliyopakiwa na Darmi haikuwahi kuteleza njiani, na kwa miaka ishirini hapakuhama mtu bila yeye kuitwa. Tangu ndege ianguke hajaitwa na yeyote. Hata Kadra, jirani yake tangu usichana, alikuwa anahama Jumamosi ile na hakumtumia hata salamu.

Upishi ungekwisha mradi ukiondoka, na uishe. Lakini mkono wake! Jina la ule mkono ndilo alilotaka kuzeeka nalo, na mtoto wa juzi alikuwa amelichafua kwa sentensi tatu.

Jumamosi asubuhi ilitolewa ndege ya pili, ya mwisho. Kombe alimimina petroli tangini mpaka ikataka kufurika, akakaza kifuniko, akamwita Jilo. Kila mmoja akaweka ncha za vidole viwili chini ya bawa la upande wake, pale palipopigwa alama ya kalamu, wakainua. Ndege ikatulia, pua na mkia sawasawa.

"Mizani imekubali," Kombe akasema. "Leo asiiguse mtu." Na akamtupia Darmi jicho.

Darmi akaweka sufuria chini.

"Na ile ya kwanza uliipima hivi hivi? Tangi limejaa?"

"Mama, rudi jikoni."

"Nimekuuliza!"

"Ndiyo, limejaa! Ndege hairuki na tangi tupu."

"Na tangi lenyewe si liko puani? Petroli ikiisha huko juu, pua inabaki na uzito gani?"

Kombe akacheka. "Nimekaa chuoni miaka minne, leo nifundishwe ndege na mpishi?"

Lo! Darmi alikwenda moja kwa moja akaishika ndege mkia, mbele ya wote, kwa mkono ule ule wa nuksi.

"Haya, nimeishika! Sema tena! Mimi napakia punda tangu wewe hujazaliwa. Madumu ya maji hukaa mbele, mabegani. Mjinga hupakia maji kwanza, ndipo asawazishe nyumba. Anatoka kijijini mzigo umenyooka, watu wanamsifu. Njiani watoto wanakunywa, ndama wanakunywa, mbele kunakuwa kwepesi, mzigo wote unarudi nyuma na punda anakaa chini! Sisi tunasawazisha maji yakiwa bado chini. Maji ni ya mwisho! Ndege yako ilikaa chini kama punda wa mjinga, na wewe ukanipaka matope mimi!"

"Bi Rosina, mwondoe huyu mama."

Bi Rosina alikuwa anaitazama ndege. "Toa petroli," akasema.

"Tutachelewa, upepo uta..."

"Toa, Kombe."

Petroli ikanyonywa kwa mpira. Wakainua tena, vidole pale pale. Mkia ukashuka papo hapo, pua ikatazama mbinguni, vile vile ilivyofanya ile ya kwanza kabla ya kuanguka.

"Astaghfirullah," Jilo akasema.

Ilichukua asubuhi nzima. Betri ilitolewa tumboni ikasogezwa mbele, nyuma tu ya injini. Jilo akatafuta vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu za samaki, vikafungwa puani kimoja kimoja, na kila kikiongezwa wanainua, wanatazama, wanashusha. Mwishowe, tangi likiwa kavu, pua ikainama kidogo tu. Hapo ndipo petroli ikatiwa.

Ndege ikapaa. Dakika ya nane ilipofika Darmi alikuwa ameukamata mwiko kwa mikono miwili. Ikapita. Ikafika ishirini, filamu ikaisha, ndege ikatua majanini taratibu.

Kombe akamjia anatabasamu. "Mama, tumefaulu! Nitaandika kwenye ripoti kwamba palikuwa na hitilafu ndogo ya mizani."

"Hitilafu ya nani?"

"Si lazima kutaja majina."

"Langu mbona ulilitaja? Tena kwa kelele! Ripoti inasomwa Nairobi, mimi naishi hapa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wako ulijikwaa mbele za watu, utaunyanyua mbele za watu. Twende!"

Kombe akamtazama Bi Rosina. Bi Rosina akaonyesha njia kwa kidevu.

Kijijini walimkuta Kadra na wanawake wenziwe, punda amekwisha kupakiwa. Walipomwona Darmi walijisogeza mbele ya mzigo, wakauziba asiuguse. Alikiona kitendo kile, na kikamchoma kuliko maneno yote.

"Ile ndege," Kombe akaanza, "niliiangusha mimi..."

"Sauti!"

"Niliiangusha mimi! Niliipima vibaya. Huyu mama hakuiharibu. Nilimsingizia."

Kadra akatazama chini. "Dada, sisi tulisikia tu."

"Mlisikia! Miaka ishirini mmeona kwa macho, siku moja mmesikia kwa masikio, mkachagua masikio!" Sauti ilimkatika, na kule kukatika kukamwongezea hasira, maana hakutaka kulia mbele yao.

Kadra alitoka mbele ya punda, akamnyooshea Darmi ncha ya kamba.

Darmi hakuipokea upesi. Aliuzunguka mzigo, akautazama. Ulikuwa umenyooka vizuri, na mbele yalining'inia madumu mawili yamejaa pomoni.

"Nani kapakia hivi?"

Akaligonga dumu moja kwa kidole.

"Shusheni maji," akasema, bado amenuna, na akaipokea kamba. Aliyetangulia kushika dumu alikuwa injinia.