Hodi ya Matengenezo

Kituo chetu cha utafiti kilikuwa kwenye mteremko juu ya Kamwokya, mtaa wa jiji la Kampala, na kazi yangu pale ilikuwa kutunza hifadhi ya data. Ukisema hifadhi, watu hufikiria stoo moja yenye kufuli. Yetu ilikuwa mashine nyingi zilizopangwa kwenye kabati za chuma, zikifanya kazi kama kitu kimoja. Faili kubwa ilikatwa vipande, kila kipande kikawekwa kwenye mashine yake, ili kompyuta za mahesabu zisome na kuandika kwa pamoja bila kusubiriana. Mtafiti hakuviona vipande hivyo. Yeye aliona faili moja, akaifunga, akaenda zake nyumbani.

Mimi niliviona hata nikiwa kanisani. Mahubiri yakiendelea, nilikuwa nikijiuliza ni diski ipi imeanza kulalamika.

Mwenzangu alikuwa mhandisi aliyenizidi umri, mzaliwa wa Kampala, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani enzi za mababu. Jumapili alifundisha watoto Kurani, kwa hiyo ofisi nzima ilimwita Maalim. Mimi aliniita jirani kwa sababu nilitoka Kenya, na kitu kikiharibika swali lake la kwanza lilikuwa kama jirani amekigusa.

Ni yeye aliyetuletea desturi ya hodi. Matangazo ya matengenezo tulikuwa tukiyatuma kwa barua pepe, na hakuna aliyeyasoma. Maalim akasema nyumba ya mtu haiingiwi kwa barua. Tangu hapo, asubuhi ya matengenezo, tulimpigia simu kila mwenye kazi hai kwenye hifadhi. Maalim alianza kwa sauti ya barazani, "Hodi!" na hatukugusa kitu mpaka mwenyewe ajibu kwamba tuingie. Watu walicheka, kisha wakazoea. Hata profesa mmoja aliyejifanya hajui Kiswahili alijifunza kuitikia.

Jumamosi ninayoikumbuka tulikuwa na mashine mgonjwa. Kila mashine ya hifadhi ilikuwa na kundi la diski zilizopangwa hivi kwamba mbili zikifa, data inabaki salama. Ya tatu ikifa, vipande vyote vya mashine hiyo vinapotea, na kila faili yenye kipande humo inabaki na mashimo. Kwenye mashine hii diski moja ilikuwa imekufa na ya pili ilikuwa ikirudia kusoma mahali palepale kama mtu aliyesahau aya. Diski za aina yake hazikupatikana tena, kwa hiyo tuliamua kuihamisha: kwanza tunaizuia isipokee faili mpya, halafu tunahamishia faili zake kwenye mashine nyingine, halafu tunaizima.

Jambo moja tu lilikatazwa kabisa. Faili inayoandikwa haihamishwi. Ukiinakili huku mwenyewe akiendelea kuandika, nakala haitalingana na kilichoandikwa, na unaweza usijue mpaka siku mtu atakapoihitaji.

Maalim alipiga hodi zake. Wote waliitikia, akiwemo dada mmoja mtafiti wa ziwa. Alikuwa amekulia kwenye kambi ya jeshi Makindye, binti wa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha haraka, kisichoomba radhi. Siku hiyo alikuwa Ggaba, ufukweni mwa ziwa, akipima joto la maji.

"Mwingie tu, Maalim. Hakuna shida," alisema.

Maalim akamshukuru, akapiga simu inayofuata. Mimi nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikipitia kazi zilizokuwa zikiendelea. Ya dada wa ziwa ilikuwamo bado. Faili yake ilikuwa ikiongezeka mbele ya macho yangu, na kimoja cha vipande vyake vikubwa kilikuwa kwenye mashine mgonjwa.

"Amesema tuingie," alisema Maalim.

"Kazi yake inaandika."

"Jirani, mtu akikwambia karibu unamuuliza tena?"

Nilimpigia mwenyewe. Nyuma yake nilisikia injini ya boti na wanawake wakibishana juu ya samaki.

"Mkenya, nimesema mwingie. Sasa unauliza nini tena?"

"Kazi yako ina mahali pa kuanzia tena ikisimamishwa?"

"Mimi nilifikiri nyinyi mnalaza, halafu inaamka pale ililala."

"Hailali, dada. Ikisimama inakufa. Na faili haihamishwi ikiwa inaandikwa."

"Banange! Hiyo kazi iko mbio siku ngapi sasa? Inamaliza Jumanne. Jumatano napeleka kwa profesa, na yeye anasafiri. Nikikosa Jumatano, mwaka yangu imeenda."

"Mbona ulimwambia Maalim hakuna shida?"

"Watu yote walikuwa wanangoja. Ningesema hapana, ingekuwa ni mimi nimefunga kituo mzima. Mtu amepiga hodi vizuri namna hiyo, unamwambia rudi?"

Maalim alikuwa akisikiliza. Alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Tukapanga upya. Faili za watu wengine tungezihamisha, yake tungeiacha iendelee kuandika, na tungeomba mashine ifike Jumanne ingali hai. Asubuhi yote tulihamisha. Sikuweza kukaa. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikarudi, nikaangalia joto la chumba, nikaangalia diski, nikatoka tena. Kutoka chini Kamwokya mtu alikuwa akijaribu spika, wimbo uleule ukianza na kukatika. Umeme ulipokatika na jenereta kuingia, nilihesabu pumzi zangu mpaka taa za mashine zote zilipotulia.

"Kaa chini, jirani, unanitia kiu," alisema Maalim.

Mchana diski ya pili ilikufa. Haikufanya kelele. Taa yake ndogo ilibadilika rangi, basi. Kwenye mashine ile ilikuwa imebaki faili moja tu, ya dada wa ziwa, na kinga ilikuwa imekwisha. Diski nyingine yoyote ikishindwa, kipande chake kingepotea na faili nzima ingetoboka.

Nilimpigia. Alikuja kwa bodaboda, viatu vikiwa na tope la Ggaba, akinuka samaki na petroli. Hakukaa.

"Niambie kama unaambia ndugu yako," alisema. "Itafika Jumanne?"

"Sijui."

"Maalim?"

"Mwanangu, jirani hajui, wala mimi sijui. Inaweza kufika. Inaweza kufa ukiwa umesimama hapo."

"Na nikisimamisha sasa?"

Nilimweleza. Kilichokwisha kuandikwa kingefungwa vizuri, tungekihamisha, angekipata chote. Kisichoandikwa kisingepatikana. Kazi yake ilikuwa ikikokotoa mwendo wa maji ya ziwa kwa mwaka mzima, siku baada ya siku, kupitia misimu yote miwili ya mvua, na ilikuwa imepita katikati ya mwaka.

Alitembea kutoka kabati la kwanza hadi la mwisho, akarudi. Sasa tulikuwa wawili tusioweza kutulia, na Maalim katikati yetu kama askari wa trafiki.

"Toka kwa kiti, Mkenya," alisema.

Nilimpisha. Aliandika amri ya kusimamisha, akaisoma, akafuta herufi moja, akaandika tena, akabonyeza. Faili iliacha kukua. Maalim alianza kuihamisha mara moja, na sisi wawili tulisimama nyuma yake tukitazama mstari ukisogea. Ulisimama mara moja, diski nyingine sasa ikirudia kusoma. Dada alinishika mkono wa shati bila kuniangalia. Mstari ukaendelea, ukafika mwisho.

Aliifungua faili kutoka mahali pake papya. Ilifunguka.

"Mvua ya kwanza iko yote," alisema. "Ya pili haiko." Alitoa simu. "Naongea na profesa."

Alitoka kwenye korido. Kupitia kioo nilimwona akienda na kurudi, mkono mmoja ukichora mwaka hewani kama mstari, kisha ukiukata baada ya katikati. Hakuomba radhi, hilo nililiona kwa mabega yake. Niliandika kwenye ukurasa wa taratibu zetu kwamba kuanzia siku hiyo mpiga hodi asiulize kama anaweza kuingia. Aulize mwenye nyumba anafanya nini ndani. Maalim alisoma juu ya bega langu.

"Huo si ustaarabu," alisema. "Ni upolisi."

"Nifute?"

"Acha. Lakini salamu ibaki."

Dada alirudi.

"Amekubali mvua moja?" nilimuuliza.

"Anasema atafikiri, atapiga. Mzime basi hii mgonjwa yenu."

Tuliizima. Feni zilipungua kasi moja baada ya nyingine. Maalim akamvutia kiti, na safari hii alikaa, simu mapajani, kioo kikielekea juu. Kila tulipomsemesha aliitazama kwanza, kisha akajibu.