Siku Baba Riziki Alipokuwa Mboloko

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Karuba, nilifika na sakoshi imejaa vitu vya kuchezea: mipira, pete za rangi, mutoto wa plastiki anayelia ukimubinya. Nilikuwa kine mupya, yaani muntu wa kusaidia viungo vya mwili vifanye kazi, na nilijiona kweli kweli! Titulaire, mukubwa wa centre de santé, kile kituo cha afya, akaichukua sakoshi, akaifungia ndani ya kabati.

— Mama Kine, jioni ukirudi kwako, hii sakoshi nayo inarudi. Kesho mutoto atacheza na nani?

— Na bazazi wake, baba na mama, Papa.

— Basi uanzie kwao. Ubaulize balichezaka nini bakiwa badogo.

Nilinuna wiki nzima. Lakini neno lile njo limenilisha miaka yote, kutoka milima ya Masisi mpaka pori la Walikale. Mungu amubariki yule Papa.

Baadaye nilipelekwa Mubi, kule Walikale. Huko nilimupata Riziki, miaka mitatu, hajatembea. Akili nzuri, maneno mengi, lakini ukimusimamisha magoti yanakunjika. Baba yake, muwindaji, alikuwa amechoka kutumaini.

— Miguu imekataa, Mama. Na huku kwetu, bila miguu utaishi namna gani?

Mama Riziki aliinamisha kichwa. Nilimuhurumia sana.

— Papa, ulichezaka nini ukiwa mudogo?

Akanishangaa, halafu akacheka kidogo.

— Mboloko.

Mboloko ni yule nyama mudogo wa pori. Mutoto mumoja anakuwa mboloko, anatambaa mbio. Wengine wanasimama, wanashika wavu juu asipite.

— Haya, leta wavu. Mboloko njo wewe.

— Mimi? Mwanaume muzima nitambae mbele ya majirani?

— Utambae, Papa! Mutoto wako ametambaa miaka yote hii.

Alitambaa, majani kichwani, majirani wakicheka mpaka machozi. Riziki, ili amuzuie, alijivuta kwa wavu tuliofunga mitini mpaka akasimama. Miguu ikibeba uzito hivyo, sisi tunaita verticalisation. Riziki aliita kuwinda.

Wakacheza kila jioni, miezi mingi. Siku moja mboloko akaruka wavu, akakimbilia jikoni. «Nyama inakimbia!» Riziki akapiga kelele, akaachilia wavu, akamufuata. Alifika mulangoni njo akakumbuka kwamba hajui kutembea, akaanguka puu! Mama yake akatupa mwiko, akapiga vigelegele. Mimi nililia tu.

Nilipoenda retraite, yaani kustaafu kazi, Médecin chef alianza hotuba ndefu. Baba Riziki akamukata maneno, wavu mukononi.

— Pardon, Docteur. Mama Kine, leo mboloko iko wewe.

Ee Mungu wangu, na kitenge changu kipya! Nikapiga magoti, nikatambaa, viungo vikilia. Nilipoinua macho, mbele yangu kulikuwa kijana murefu, miguu yake miwili imeshika udongo, ananicheka.

— Leo haupite, Mama.

Wala sikutaka kupita.