Lilaki ya Rosemary

Shangazi Jerotich aliitoa lilaki yake, kichaka cha maua ya ughaibuni, huko Arlington, chipukizi moja tu lenye mzizi, kwenye ua wa bibi mzee aliyekuwa akimtunza. Bibi huyo, Rosemary, asubuhi za Aprili hakukubali hata chai mpaka dirisha lifunguliwe na harufu ya maua yale ya zambarau iingie. Alipofariki, watoto wake waliuza nyumba, na wanunuzi wakang'oa kichaka. Shangazi hakuitwa mazishini. Mtu aliyemwogesha mama yao, akamlisha, akamshika mkono akikata roho! Nilitaka kuwaandikia wale watu, na mpaka leo nawaka nikikumbuka.

"Acha siasa zako," shangazi akasema. "Niletee jembe."

Tukaipanda chini ya dirisha la chumba chake, kule kwake Bowie, penye jua siku nzima. Ikashika. Ikatoa majani yenye umbo la moyo, mawili mawili yakitazamana. Lakini kila Aprili ilipita bila ua. Akirudi kazini, sare bado mwilini, alisimama pale akinusa majani. Majani ya lilaki hayanukii chochote.

"Labda nilibeba mti mwingine," aliniambia mwaka jana. "Na kule hakuna tena wa kulinganisha."

Februari hii nilimkuta ameinama na mkasi mkubwa. Shangazi amelelewa Kericho, kwenye chai. Kwake, kichaka kisichopogolewa ni aibu ya mwenye shamba. Kila baridi ilipokaribia kwisha, alikikata kikawa bapa kama meza.

"Lakini hii si chai, shangazi!"

"Wewe chai umeionea wapi? Kwenye kikombe?"

Nikaokota kijiti alichokata. Nchani palikuwa na matumba mawili manono. Nilipopasua moja kwa ukucha, ndani mlikuwa na kishada kidogo cha kijani, punje zimebanana kama ulezi. Maua yenyewe, yamejikunja humo tangu kiangazi kilichopita.

Alikichukua kijiti mkononi mwangu.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Miaka yote yalikuwa njiani yanakuja."

Akaweka mkasi chini. Matawi ya upande wa ukutani alikuwa hajayafikia.

Aprili, hapo hapo ukutani, vishada vitatu vikachanua. Nikamwita aje anuse. Hakutoka. Nilimkuta chumbani, ameketi kwenye kiti karibu na kitanda, kama anayesubiri mgonjwa aamke.

"Fungua dirisha," akaniambia.

Nikafungua. Harufu ikaingia, tamu, nzito kidogo. Akafumba macho.

"Zaidi, mwanangu. Yeye alilitaka wazi lote."