Vitufe Nilivyovipa Majina

Mimi si mtu wa kuahirisha. Nilipokuwa nashona, nguo ya mteja haikulala kwangu wiki mbili. Sasa macho yamekwisha kwa presha na cherehani nimeiuza, lakini tabia imebaki. Ndiyo maana Jumatano ile asubuhi, simu iliponiambia sasisho liko tayari, niliweke sasa au baadaye, niligusa sasa. Sikumuuliza mtu. Nikaiacha kwenye chaji, nikaenda kuchambua maharagwe.

Niseme kwanza simu inanisaidia vipi, maana wenye macho hawajui. Ndani yake kuna msomaji. Nikipitisha kidole juu ya kioo, ananisomea kilicho chini ya kidole: jina la mtu, ujumbe, saa. Nikigusa mara mbili, kinafunguka. Sauti ya Kinyarwanda hana, waliomtengeneza hawajafika huko. Lakini mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikuwa wamekimbilia, na madarasa yangu matatu ya shule niliyasoma kwa Kiswahili. Basi nikamwekea sauti ya Kiswahili. Kiswahili anakisoma vizuri. Kinyarwanda anakisoma kama mgeni aliyeshuka kwenye basi leo, kila herufi anaitamka, hata zile ambazo sisi tunazimeza. Mwezi wa kwanza nilielewa nusu. Mwezi wa tatu nilikuwa naelewa yote, na lafudhi hiyo nilikuwa nimeizoea mwenyewe, bila mtu kunikalia pembeni.

Na kuelewa ilikuwa lazima, kwa sababu mimi ndiye mutwarasibo. Isibo ni nyumba chache zinazopakana. Zetu ni kumi na saba, huku Kinyinya, na mutwarasibo ndiye anayepokea habari kwa mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, na kuzifikisha kwa kila mlango: umuganda wa mwezi, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, utafanyika wapi, nani kajifungua, nani kahamia, bomba la maji limekatwa tena na malori ya ujenzi. Zamani habari hizo zilikwenda kwa miguu. Siku hizi zinakwenda kwenye kundi la simu. Majirani walinichagua nikiwa tayari sioni. Sikuomba. Walisema nakumbuka kila kitu na simwogopi mtu, na yote mawili ni kweli.

Nilipomaliza maharagwe, simu ilikuwa imewaka. Nikapitisha kidole. Aliyenijibu simjui. Ilikuwa sauti ya Kiingereza, inasoma maneno yangu ya Kiswahili kwa pua, kwa haraka, kama mtu anayetafuna kiazi cha moto. Sauti yangu ya miaka yote ilikuwa imefutwa. Nikaingia kwenye kundi kwa mazoea, kidole kinajua njia. Pale pa kuandika na kutuma, nilipokuwa nasikia jina la kila kitufe, sasa kila nilipogusa nasikia maneno yale yale. Nilichukua muda kutambua kwamba alikuwa akijaribu kusema "kitufe, hakina lebo." Kitufe hakina lebo. Kitufe hakina lebo. Vilikuwa vinane, vyote havina jina, kama watoto wa shule waliovaa sare na kugeukia ukutani.

Nikakasirika. Nikashika kimoja nikakikandamiza, nikaanza kumsema yule msomaji.

"Wewe nani kakukata ulimi? Jana ulikuwa unasema kama mtu. Na yule bwana wa geti jekundu akijua nimekwama, atacheka wiki nzima. Mwenyewe anasoma ujumbe kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na bado mwezi uliopita alikwenda umuganda wa isibo ya watu!"

Nikasema na mengine. Kisha nikaitupa simu kitandani.

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Kupokea bado nilijua, ni kugusa mara mbili kwa vidole viwili. Alikuwa mke wa mwanangu, anayefanya kazi ya usafi kwenye ofisi za Kimihurura.

"Mama, umetuma nini kwenye kundi?"

"Sijatuma kitu."

"Umetuma sauti ya dakika nne, mama. Mpaka habari za maharagwe zimo."

Nikakaa kitako. Kile kitufe kilikuwa cha kurekodi, na ukikiachia, sauti inakwenda.

Bwana wa geti jekundu alikuja Alhamisi jioni. Ni mtu mstaarabu, dereva mstaafu aliyekulia Uganda, anabisha hodi na kungoja. Mke wa mwanangu alikuwa amerudi kutoka kazini, akampa kiti.

"Mukecuru," akaniita, kama tunavyowaita bibi wazee, "nimesikia habari za miwani yangu."

"Umesikia ukweli."

Akacheka kidogo. "Sikukasirika. Mke wangu amecheka mpaka amepiga chafya. Lakini tuseme kweli. Keshokutwa ni umuganda na hatujapata ujumbe wa mahali. Tumesubiri tangu jana."

"Mkuu hajautuma."

"Leo hujautuma kwa sababu hajautuma. Kesho akiutuma, wewe utautuma vipi? Hii kazi imekuwa ya macho. Nimezungumza naye. Jumamosi tukimaliza umuganda, watu wapange mstari upya."

Kwetu ndivyo tunavyochagua. Hakuna karatasi. Wanaotaka nafasi wanasimama mbele, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka.

"Wewe utasimama?" nikamuuliza.

"Nitasimama."

"Basi na mimi nitasimama. Chai hunywi?"

Hakunywa. Alipoondoka, mke wa mwanangu akavuta kiti chake karibu na changu. Ni mwanamke mzuri, ana moyo, na alilosema alilisema kwa moyo huo.

"Mama, nipe hiyo simu. Mimi nitakuwa nakusomea na kukutumia. Jina ni lako, kundi ni lako. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Mama, usiwe hivyo."

"Nimekuwa hivyo tangu Karagwe. Niazime simu yako."

Kwa simu yake nikampigia mwalimu. Huyu anakaa Batsinda, haoni tangu utoto, na ndiye aliyetufundisha wengi wetu tusioona kutumia simu. Kabla sijamaliza salamu alikuwa anacheka.

"Karibu, mama. Wiki hii wote tumelala mabubu."

"Unacheka nini?"

"Najicheka. Jana nimempigia padri nikidhani ni mwenye mkaa. Nimemwagiza magunia mawili, na nikamwambia safari hii asilete mavumbi."

"Akasemaje?"

"Akanibariki."

Kisha akaacha mzaha, tukaanza kazi. Simu yangu mkononi, ya mke wa mwanangu mezani, sauti ya mwalimu inatoka pale: telezesha kulia mara tatu, gusa mara mbili, sasa shuka, hesabu saba. Maneno ya yule Mwingereza hayakuwa na maana, kwa hiyo tulikwenda kwa hesabu tu, kama unavyohesabu pindo la sketi bila kulitazama. Nikikosea, ananirudisha mwanzo. Nilikosea mara tano. Kabla ya chakula kuiva, sauti ya Kiswahili ilishuka tena kwenye simu, ikasema, "Mipangilio." Sijawahi kufurahi kusikia neno kama lile.

"Na vitufe?" nikauliza.

"Hivyo hata mimi sivijui. Wamevihamisha na kusahau kuviandika majina. Watarekebisha siku watakayotaka."

"Mimi nataka kesho."

"Basi vipe majina mwenyewe. Kuna mahali pa kuongeza lebo, nitakuonyesha. Lakini kwanza ujue kila kimoja kinafanya nini, na hilo hutalijua bila kukibonyeza. Usibonyeze kwenye kundi. Tuma kwangu."

Ijumaa asubuhi nyumba ilikuwa kimya, wote wamekwenda kazini. Nikakaa mlangoni penye jua, nikabonyeza cha kwanza. Kikalia mlio mdogo. Baada ya muda mwalimu akapiga.

"Umenitumia picha, mama."

"Ya nini?"

"Sijui."

"Wala mimi."

Tukaendelea. Cha pili kilimpigia simu ya video, tukasalimiana watu wawili wasioonana wakionyeshana nyuso. Cha tatu kilimtumia ramani ya nyumba yangu. Cha nne ndicho kile cha kurekodi, nilikitambua kwa hasira. Cha saba kilikuwa cha kutuma, lakini hakifanyi kazi mpaka uandike neno kwanza, na hilo lilinichukua saa nzima kuligundua. Mwalimu hakuligundua, nililigundua mimi, na yeye ndiye aliyewaambia wengine baadaye. Niliviandika kimoja kimoja, herufi kwa herufi. Sikuviandika kama walivyoviandika watengenezaji. Cha picha nilikiita "Picha, achana nayo." Cha sauti nilikiita "Sauti, funga mdomo." Cha kutuma nilikiita "Tuma," basi, kwa sababu hicho sikuwa na ugomvi nacho.

Saa tisa mchana ujumbe wa mkuu wa mudugudu ukaingia. Umuganda ulikuwa umehamishwa. Si darajani tulikozoea, ni mfereji wa juu, pale malori yanapomwagia mchanga na mvua ikauziba. Tulete majembe na beleshi na mifuko mitupu. Nikaandika kwa kidole changu kimoja, kwa Kinyarwanda, na msomaji akanirudia kila neno kwa lafudhi yake ya ugeni. Chini yake nikaongeza: "Sauti ya Jumatano nilikosea kuituma. Niliyoyasema sikukosea." Kidole kikateleza hadi mwisho.

"Tuma," akasema.

Nikagusa mara mbili.

Jumamosi nyumba zote kumi na saba zilifika kwenye mfereji wa juu, hakuna aliyekwenda darajani. Kazi yangu katika umuganda ni kushika mdomo wa mfuko wakati wengine wanajaza mchanga. Nashika vizuri, simwagi. Tulipomaliza jua lilikuwa kali, watu wamekaa ukingoni, matope mpaka kwenye viwiko. Mkuu wa mudugudu alikuja akasimama.

"Kabla ya mstari, kuna tangazo refu kutoka juu kuhusu taka na mitaro. Nimelituma kwenye simu zenu sasa hivi. Msome, kisha tulizungumze, maana mimi chaji imekwisha."

Nikasikia watu wakihangaika. Huyu anafuta mikono kwenye majani, yule anasema kioo kimejaa jua haoni kitu. Bwana wa geti jekundu alikuwa anapapasa mifuko.

"Miwani nimeiacha nyumbani," akasema.

"Yote miwili?" mwanamke mmoja akauliza, na watu wakacheka.

Mimi nilijifuta kidole kimoja kwenye kitenge. Kimoja kinatosha. Nikatoa simu, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikapitisha. Msomaji akaanza. Alisoma tangazo lote, Kinyarwanda cha serikali, kwa kinywa cha Kiswahili, hakumeza herufi hata moja. Mwanzo walicheka wakashika mbavu.

"Yewe, mukecuru, huyu wako ni Mtanzania!"

"Ni Mtanzania," nikasema, "na umuganda amewahi kuliko wewe."

Lakini baada ya mstari wa pili walisikiliza hadi mwisho. Mkuu akaniomba nirudie kipande cha mitaro. Nikarudia.

Kisha tukasimama mbele, bwana wa geti jekundu na mimi, hatua kama sita kati yetu. Mkuu akasema, haya, kila mtu aende. Mwenye macho anageuka na kutazama mstari wake. Mimi sikugeuka. Nilisimama nimenyoosha mgongo kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikasikiliza. Mabuti yalikuwa na matope, kila hatua inanyonya ardhi na kuachia. Mwanzo hakuna aliyesogea. Kisha hatua ya kwanza ikaja, nzito, ikasimama nyuma yangu. Ikaja nyingine. Zikaja nyingi kwa pamoja, sikuweza kuzitenganisha, na joto la watu likanifika mgongoni. Nyingine zilikwenda kwake, nilizisikia pia. Karibu kabisa na sikio langu mtu akapiga chafya, mara tatu mfululizo, na isibo nzima inajua ni nani anayepiga chafya hivyo.

"Nyamaza," nikamnong'oneza, "mumeo atakusikia."

"Amekwisha kuniona, mukecuru."

Mkuu wa mudugudu akahesabu, akasema nimebaki. Bwana wa geti jekundu akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, matope kwa matope, akaniambia hongera, na hakuna kilichokosekana katika sauti yake. Nikamwambia aje kunywa ile chai. Alikuja. Siku hizi akisahau miwani ananipigia nimsomee.

Vitufe vilirekebishwa na watengenezaji wenyewe miezi miwili baadaye, vikapewa majina yao ya kitabuni. Majina yangu sikuyafuta. Na simu ilipoleta sasisho jingine, ikauliza sasa au baadaye, nilingoja kitu kimoja tu, umuganda upite. Jumapili nikitoka kanisani, nikagusa sasa.