Samaki Tisa na Kambare

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mama yangu alihesabu samaki akapata wanane. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nikamwambia ni tisa. Akarudia, kidole kikifuata kioo cha tangi, akasema tena kwamba ni wanane. Nikaandika nane daftarini kwa kalamu nyekundu, nikaenda kazini.

Tangi lile nililiweka sebuleni kwa ajili yake. Alikuwa amepata kiharusi chepesi, na muuguzi alishauri apewe kitu cha kuhesabu kila siku. Hesabu ikianza kumponyoka, tumrudishe kliniki. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeamua zaidi ya hapo: ikimponyoka, atahamia kwa dada yangu Machakos, kwa sababu mchana hapakuwa na mtu wa kumwangalia. Mama alilijua hilo. Nyumba hii ya mtaa wa Mbotela aliingia akiwa bibi harusi, na alikuwa ameshatuambia kwamba atatoka humu akiwa amebebwa.

Sikuchagua samaki kwa kubahatisha. Nilisoma wiki tatu kwenye simu, nikachora jedwali: joto la maji, ukali, urefu, na kina ambamo kila aina hupenda kuogelea. Kambare mdogo wa mtoni, yule anayeogelea chali, angekaa chini, ndani ya kipande cha chungu. Wenzake wangeishi katikati ya maji, kwa kundi, wasigombanie naye mahali. Nikachukua tisa wadogo wenye mstari wa buluu. Nilimpima kambare kwa rula akiwa bado kwenye mfuko wa plastiki: sentimita nne. Wale wengine walikuwa na tatu.

"Huyu ni mpole, mzee," muuzaji wa Barabara ya Jogoo aliniambia. "Atakaa na yeyote."

Kwa miezi mitano mama alisema tisa. Kisha ikaja ile asubuhi ya wanane. Wiki iliyofuata wakawa saba, baadaye sita. Hapakuwa na mzoga juu ya maji, wala mfupa kwenye changarawe, wala unyevu sakafuni. Kambare alikuwa palepale chini ya paa la chungu, tumbo juu, macho wazi, ametulia kama kitu kilichoning'inizwa. Mama akaanza kusema kwamba kabla hakujapambazuka kuna mlango unaolia ndani ya maji. Nikaandika hilo pia: anasikia milango. Mke wangu, ambaye si mwoga, alihamishia pasi yake chumbani, asiwe na kisa cha kukaa sebuleni peke yake.

Daftari langu lilikuwa na safu mbili, ya mama na yangu. Ya mama ilishuka. Yangu ilisema tisa, siku baada ya siku. Nilimpigia dada simu, tukakubaliana Jumamosi. Ijumaa begi la mama likawekwa karibu na mlango.

Jumamosi mama aliniita nikae kando yake kabla ya chai.

"Wanne," akasema.

Nikachukua kalamu nyekundu.

"Weka kalamu chini. Si wewe ndiye msomi? Hesabu."

Nikahesabu. Walikuwa wanne. Nikainamisha kichwa kutazama nyuma ya chungu, nikahesabu tena, nikapata wanne. Ndipo nilipoitazama safu yangu na kuelewa kwamba sikuwa nimehesabu hata mara moja. Kila asubuhi nilikuwa nikiandika idadi niliyonunua, kama mtunza stoo anayejaza kitabu bila kufungua mlango wa stoo.

Nilimnasa kambare kwa kichujio cha chai. Alipotoka majini alitanua miiba ya mapezi, akatoa mlio mkavu, mrefu, wa bawaba isiyotiwa mafuta.

"Mlango wangu huo," mama alisema.

Nikamlaza kwenye rula. Sentimita kumi na moja. Kinywa chake kingeweza kupokea ncha ya kidole changu cha mwisho. Yeye pia nilikuwa nimempima siku moja tu.

"Na yeye alikuwa anawahesabu," mama alisema, huku akivuta kikombe chake. "Sisi wawili tu humu ndani."

Nilimpigia dada kumwambia tusingekuja, nikarudisha begi chini ya kitanda. Wale wanne wako kwenye chupa kubwa ya kioo dirishani. Kambare nimemtafutia wenzake wapana kuliko kinywa chake, na kila tarehe mosi nampima kwa rula. Kabla hakujapambazuka bado hulia. Sasa namsikia na mimi, na huamka kuhesabu pamoja na mama. Safu zetu mbili zimekuwa sawa tangu siku ile.

Samaki watano, kila mmoja shilingi mia moja na hamsini. Hasara yote ilikuwa shilingi mia saba na hamsini.