Siku Niliyochaguliwa Chini ya Leso

Mwanangu, kuna siku moja hapa Dundori ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mpaka wajukuu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Ilikuwa siku ya ruracio yangu, watu wa kwa Njoroge walipokuja kuniposa kwa wazazi wangu. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, viazi viko motoni, na mimi nimeamua kuwarudisha wageni wote kwao.

Usinitazame hivyo. Njoroge nilimpenda sana. Lakini Jumapili iliyotangulia, mhubiri mmoja kutoka Nakuru mjini alitufundisha kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla hajaumba dunia. Wenzangu wakasema amina. Mimi nilirudi nyumbani nikijipima, nikaona kwa huu mdomo wangu, uliowahi kumliza hata mama yangu mzazi, siwezi kuwa mmoja wao. Na kama Mungu alishanikataa, ningesimamaje madhabahuni na kijana wa watu? Niliogopa kweli, wala sikumwambia mtu.

Sasa, kwetu bwana arusi hapewi mchumba hivi hivi. Wanawake kadhaa hufunikwa leso gubigubi, wakapangwa mstari, naye amtambue wake. Baadaye baba humuuliza binti mbele ya wote kama kinywaji cha wageni kinywewe. Binti akikataa, hakuna ndoa. Siku hiyo nilipangwa kando ya Tata Nyokabi, dada yake baba, mama mnene mcheshi ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Humo chini ya leso nikamnong'oneza yote.

"Baba akiniuliza, nitasema wasinywe," nikamaliza.

"Ngai! Kwani Mungu alikuita kando akakwambia amekukataa?"

"Lakini Tata, huu mdomo wangu..."

"Mdomo wako tunaujua sisi wote. Hata Njoroge anaujua. Si ulimgombeza sokoni watu wakajaa? Na bado amekuja na wazazi wake. Wewe ngoja uitwe, ukiitwa uitike. Kuchagua si kazi yako. Lakini kuitika, hiyo hakuna mtu atakufanyia."

Nilichemka. Nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia kwamba ni rahisi kwake kusema, yeye aliyezaliwa mtakatifu! Ua mzima ukageuka kututazama. Njoroge, aliyekuwa bado anababaika mwisho ule mwingine wa mstari, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Ni huyu," akasema. "Huyu anayegombana."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliponifunua nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na aibu imenijaa usoni. Kile nilichodhani kingenifanya nikataliwe ndicho alichonijulia, na wala hakugeuka kwenda zake.

Kisha baba akainuka na kibuyu. "Wambui, wageni wameleta kinywaji. Tunywe ama tusinywe?"

Nilimtazama Tata. Yeye akageuza uso, akaangalia nyama ya mbuzi. Njoroge alikuwa amekunja kofia yake mpaka ikaharibika.

"Kunyweni, baba," nikasema.

Nakueleza haya kwa sababu nasikia siku hizi mnabishana kwenye simu kama mtu huchaguliwa ama hujichagulia, na kwamba wewe umeacha ibada ukisema kila kitu kilishapangwa. Mwanangu, siri za Mungu mwachie mwenyewe, hata wachungaji zinawashinda. Dhambi ipo ndani yetu sote, na mimi bado naomba msamaha karibu kila wiki kwa ajili ya huu mdomo. Usiifanye dhambi yako iwe ushahidi kwamba hutakiwi, maana anayekuita alikujua kabla hujafunuliwa. Wala usiseme ukichaguliwa umechaguliwa, ukakaa kitako. Binti aliyeitwa asiitike bado yuko nyumbani kwa baba yake, hajaolewa.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe moyo wa kutubu bila kujichukia. Na siku atakapokuita kwa jina, akupe sauti ya kuitika, hata ukiwa unalia.